Mwanamke wa Stoo

Nilipokuwa mama wa nyumbani, Boko, nilimsikia mwanamke akiongea stoo. Ilikuwa mchana kweupe, kama saa saba, wakati mtaa wetu unanyamaza mpaka mtu unajikohoza ili uhakikishe bado upo. Mageti yamefungwa, wenye magari wako mjini, mbwa wamelala kivulini. Nilikuwa namwogesha mtoto wangu mdogo, wa miezi mitano, kwenye beseni. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. Ikasema maneno machache nisiyoyashika, kisha ikasonya.

Nilitoka mbio na mtoto akichuruzika maji begani, mkononi nimeshika kopo la kuogea kana kwamba ni panga. Stoo kulikuwa na gunia la mkaa, makopo ya rangi yaliyobaki tulipojenga, na binti yangu mkubwa, wa miaka mitatu, amekaa juu ya mfuko wa unga. Ananitazama, kimya.

Kimya chake hakikunishangaza. Binti yangu alikuwa hasemi. Hata "mama" alikuwa hasemi.

Inabidi nieleze ujinga wangu, maana ni ule ambao mtu anausomea mpaka chuo kikuu. Nina shahada mbili, na kabla ya kuacha kazi nilikuwa nahariri vitabu vya shule. Mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba wanetu wasije wakateseka na Kiingereza kama tulivyoteseka sisi. Kwa hiyo na mtoto ikawa Kiingereza kitupu. Nilimpa maji kwa Kiingereza, nikamkataza kula udongo kwa Kiingereza, nikamwonyesha kadi za picha za theluji, mtoto mwenye vipele vya joto mwili mzima. Niliongea polepole huku natabasamu, kama mtu anayetangaza kuchelewa kwa ndege. Alikuwa ananiangalia mdomo mpaka nimalize, halafu anakwenda zake.

Kliniki, nesi alimwinua ulimi akasema hauna tatizo. Mama mkwe hakuridhika. Alikuwa ametoka kwao bara, kwenye migomba, amefikia kwa binti yake Manzese, na hukohuko Manzese alikuwa ameelekezwa kwa mama mmoja anayekata udata, kile kiuzi cha chini ya ulimi ambacho watu wanasema ndicho kinachomzuia mtoto asiseme. Wembe, chumvi kidogo, basi.

"Mama anajua anachofanya," mume wangu alisema. "Mbona mie nilikatwa?"

Ikapangwa hivyo: mtoto asiposema mpaka Jumamosi, bibi yake anakuja kumchukua. Mimi nikaapa kwamba wembe hautaingia kinywani mwa mwanangu. Lakini kiapo cha mtu anayeshinda nyumbani na gauni la kunyonyeshea hakina mhuri. Jumatatu yake ndiyo nikaisikia ile sauti ya stoo.

Jumanne, saa ileile, nikiwa uani naanika nepi, sauti ikaja tena. Safari hii nilishika neno. "Lala basi," ilisema. "Lala." Niliziacha nepi kwenye ndoo. Nilikwenda ukutani nikamwita jirani, mwenyeji wa pale hasa, ambaye babu yake ndiye aliyewauzia nusu ya mtaa viwanja.

"Jirani, una mgeni kwako?"

"Mgeni gani na jua hili? Kwani vipi?"

Nikamweleza. Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mmejenga njiani kwa watu, mwenzangu. Wenyewe walikuwepo kabla ya matofali yenu."

"Sasa nifanyeje?"

"Fukiza ubani. Halafu uongee nao Kiswahili. Hicho Kiingereza tunachokisikia hapa kutwa, jini wa Boko akujibu nini? Hata mie kinaniumiza kichwa."

Nilifukiza. Mkristo, msomi, nimefunga madirisha yote ili wanajumuiya wenzangu wa kanisani wasinuse. Moshi ukampalia mdogo, akakohoa mpaka jioni. Jumatano mwanamke akaongea kama kawaida.

Alhamisi nikaamua kumvizia. Nilimlaza mdogo, nikavua kandambili, nikasimama kwenye korido huku ukuta ukinipoza mgongo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi upana wa vidole viwili. Niliona mgongo wa binti yangu. Alikuwa ameviringisha mto kwenye kanga yangu na anaubembeleza. Sauti ilikuwa inatoka kwake.

"Lala basi. Lala, na mie nipumzike. Nimechoka. Siku moja watanikuta sipo. Nafunga geti, naenda zangu, waulizane wenyewe."

Akashusha pumzi, akasonya. Akajikuna shingo kwa mgongo wa mkono, kama anavyofanya mtu mwenye vidole vyenye unga. Kama ninavyofanya mimi.

Hakukuwa na neno lake hata moja. Hayo ni maneno niliyokuwa nayasema jikoni, kwa Kiswahili, nikiwa nimempa mgongo, baada ya somo la kadi. Nilikuwa naiambia sufuria. Wala sikujua kama nayasema kwa sauti.

Nilimwita kwa Kiingereza, kwa tabasamu la uwanja wa ndege. Akageuka. Uso ukafungwa kama duka, na hakuna neno lililotoka tena.

Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi kwamba mtoto anasema, na ushahidi wenyewe ulikuwa unanishtaki mimi. Ijumaa nilijaribu kuuchakachua. Nilisimama jikoni na kutangaza, kwa Kiswahili fasaha, "Jamani, maisha matamu! Watoto ni baraka!" Binti yangu alisimama mlangoni akanitazama kwa huruma. Mchana ule, stoo, mwanamke alikuwa bado amechoka.

Jumamosi mama mkwe alikuja na bajaji, akamwambia dereva asubiri nje. Kwenye mkoba alikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi? Yule mama anatusubiri."

"Mama, mtoto anasema."

"Anasema? Mbona hajaniamkia?"

"Anasema akiwa peke yake. Naomba uvue viatu, mama."

Alinitazama kama anayejiuliza kati yetu nani hasa apelekwe Manzese. Lakini akavua. Tukasimama kwenye korido bega kwa bega, watu wazima wawili, tunamwogopa mtoto wa miaka mitatu.

Sauti ikaanza. Lala basi. Nimechoka. Watanikuta sipo. Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu. Kisha ikaendelea na jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Huyu mdogo nitambeba," ilisema sauti yangu. "Mkubwa nitamwacha. Atazoea."

Sikumbuki kuyasema hayo. Siwezi kuapa kwamba sikuyasema.

Mama mkwe alinigeukia. "Hayo ni ya nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni yangu, mama."

Nilisubiri makofi, au simu kwa mwanawe. Akapangusa midomo kwa kile kitambaa cheupe.

"Mie nilikuwa nayasemea migombani," alisema. "Mumeo nilikuwa namlaza chini, kwenye majani, huku napalilia. Alikuwa hasemi kitu. Nikadhani hasikii."

"Mkampeleka akakatwe."

"Tukampeleka."

"Alipoanza kusema, mama, alisema nini?"

Aliinama kuvaa viatu, na alichukua muda mrefu kuliko viatu vile vilivyohitaji. "Alisema vizuri tu," alijibu. Akatoka bila kuniaga. Nilimsikia getini akimwambia dereva, "Geuza. Narudi peke yangu."

Bajaji ilipopotea nikasukuma mlango wa stoo, nikapiga magoti kwenye vumbi la mkaa. Nilitaka kumwambia jambo, na kwa mara ya kwanza nilimwambia kwa lugha niliyozaliwa nayo. "Sitakuacha."

Aliniangalia mdomo mpaka nikamaliza. Kisha akaugeukia mto, akaufunika kanga taratibu, mpaka usoni, na kwa sauti yangu akauambia, "Sitakuacha."