Mwali Aliyeonwa na Jua

Utotoni mwangu, huko milimani juu ya Mkuyuni, enzi za Mdachi, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Hakutoka mchana, wala hakuonwa na jua, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Siku hizi wanawekwa siku chache tu wakarudi zao shuleni, na mimi nasema afadhali. Dada yangu Mwanaidi alikaa ndani misimu miwili ya mahindi.

Mama yetu alikwisha kufariki, tukalelewa na Bibi, mzaa mama, na Bibi ndiye aliyekuwa kungwi wake. Mimi nilimpelekea chakula, na kwa kuwa nilikuwa mbea nilisikia mafunzo yote. Mwali hainui macho. Mwali hasemi mbele ya wanaume. Mwali akiumia hapigi kelele, kwa sababu mwanamke anayepiga kelele anawaaibisha waliomfunda. Mwanaidi alijua kunifinya huku akiwa ameinamisha uso kwa adabu zote, nami nikipiga yowe nagombezwa mimi.

Mtama wa togwa ya kumtolea ulikuwa umesharowekwa, ndipo tumbo likamshika. Lilianzia kitovuni. Akakataa chakula, akatapika. Bibi akasema ni chango. Kwetu chango ni kitu kilicholala tumboni mwa kila mwanamke, na kikiamka kinatembea. Akachemsha mizizi, akamkanda. Kesho yake maumivu yakahama, yakateremka upande wa kulia, na Bibi akafurahi kwamba chango linatafuta njia ya kutokea. Wala simcheki. Maumivu kweli yalitembea, sawasawa na alivyosema.

Homa ilipopanda alikuja Mjomba, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto. Alikuwa amesikia kuna daktari wa Kidachi amepiga hema Mkuyuni, anachanja watu ndui, akataka mtoto ashushwe huko. Bibi akasimama mlangoni.

"Jua likimwona kabla ya siku yake, chango litamkata," alisema. "Usije ukasema sikukuambia."

"Mama, nikimwacha humu akafa, nitasema nini?"

Basi akashushwa juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa kaniki gubigubi. Bibi alifuata nyuma akinung'unika, nami na kibuyu cha maji. Tulipofika kivukoni upepo ukainua kaniki, na jua likampiga usoni. Mjomba alimfunika upesi, lakini Bibi alikwisha kuona.

Daktari aliuliza kupitia mkalimani ni wapi panapouma. Mwanaidi kimya, macho chini. Mjomba akamjibia, akaonyesha kitovuni, maana ndivyo alivyoambiwa siku ya kwanza. Daktari akabonyeza juu, akabonyeza chini, akimtazama usoni. Hakuona kitu. Mwali hakukunja hata paji la uso. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, na mkono ule ulipofika upande wa kulia niliviona vidole vya miguu yake vikijikunja chini ya kaniki. Lakini nani angemuuliza mtoto? Daktari akasema ni homa tu, kama ya wengine wote, akatoa kwinini. Nimejaribu kumchukia mtu yule, nimeshindwa. Aliuliza, hakujibiwa.

Njiani kurudi Bibi alimshika mkono.

"Umenitoa kimasomaso, mjukuu wangu," akamwambia.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea uji. Nilimkuta ametulia, anatabasamu.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "limeacha."

Nikatoka mbio kuwaambia. Bibi akapiga vigelegele, majirani wakaitikia. Mjomba akacheka mpaka machozi, akasema ni kwinini. Bibi akasema kwinini gani, ni mizizi yake. Wakabishana kwa furaha, mtu na mamaye, na sikuwaona tena wakicheka pamoja. Mchana tumbo la Mwanaidi likakakamaa kama ngozi ya ngoma. Mikono ikawa ya baridi, pumzi zikawa fupi fupi. Alikata roho kabla jua halijazama, bila kupiga kelele. Togwa yake tuliwanywesha waliokuja kuzika.

Hakuna aliyemtukana Mjomba. Ingekuwa heri wangemtukana. Ila kila mwali alipowekwa ndani, jina la Mwanaidi lilitajwa kuwa onyo: angalieni, jua lilimwona, chango likamkata. Bibi alikuwa amesema, na ikawa. Mjomba akahamia Bigwa, huko chini karibu na mji, akalima bustani yake peke yake, akafa huko akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua.

Miaka mingi ikapita, nami nikawa bibi. Mjukuu wangu akashikwa na tumbo, likaanzia kitovuni. Nikasema chango, ningesema nini kingine? Baba yake hakunisikiliza, akamkimbiza hospitali mjini, nami nikafuata. Daktari alipombonyeza upande wa kulia mtoto alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Akapasuliwa siku hiyo hiyo. Daktari akanieleza kwamba ni kidole tumbo, na kwamba ugonjwa huo huwahadaa hata madaktari, hasa kwa wasichana, maana tumbo lao lina mambo mengi. Nikamuuliza, na maumivu yakiacha yenyewe ghafla? Akasema wakati mwingine hiyo ndiyo dalili kwamba kimepasuka.

Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia. Muuguzi akanibembeleza, akaniambia mjukuu wako mzima, bibi, usilie.

Nami ni kungwi siku hizi. Nafunda kama nilivyosikia, ila nimeongeza langu moja: ukiumwa, piga kelele. Bibi angeninyang'anya kila mwali.

Siku ile nilipotoka hospitali nilipitia Bigwa. Kaburi la Mjomba lilikuwa limemezwa na majani, nikayang'oa kwa mikono mpaka nikaliona lote. Kisha nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mjomba," nikamwambia. "Si jua lililomuua."