Harusi ya Kana Isiyo na Nyuso

Kabla ya kuitwa msanii nilikuwa mchoraji wa mapaja ya mbuzi. Kila buchari kati ya Maua na Embu ina paja langu ukutani, jekundu, nono, na ukiniambia nimezidisha nitakwambia labda nimesahau buchari mbili tatu. Masomo niliyamalizia shule ya usiku, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, kwa hivyo kanisani waliniona msomi, tena mwenye kipawa. Kipawa ni neno baya. Mzee wa kanisa akishalitaja, jua rangi utanunua mwenyewe.

Mwenyekiti wa wazee aliniomba nichore harusi ya Kana, ukuta mzima nyuma ya mimbari.

"Kijana wangu," akasema, "Embu wanajenga kanisa jipya, na wakitafuta mchoraji ni mimi wanauliza."

Hiyo kazi ya Embu niliitaka mpaka nikaanza kuiota. Ingenitoa kwa mapaja.

Wakati huo tulikuwa wasanii wanne kwenye chumba kimoja cha kupanga huko Majengo, nyuma ya buchari. Mbali na mimi kulikuwa na mchongaji, mfinyanzi, na dada mmoja mwimbaji wa baa, ambaye akianza kuimba ng'ombe wa kule Nkubu waliacha kula. Mwenye buchari, Mwislamu mzee asiyekosa swala, tulimhesabu wa tano. Brashi hakuwahi kushika, lakini supu alituletea, na matusi ya mapenzi pia.

Nyuso za watu wa Kana nilizitoa hapo. Mwimbaji akawa bibi harusi. Mwenye buchari nikamfanya mtumishi anayejaza mitungi maji, kwa maana divai alikataa hata ya rangi. Nilimchora jinsi alivyo, na kile kidole cha mkono wa kushoto ambacho shoka lilikula ncha yake.

Rangi ilipokauka, akina mama wa maombi wakaja.

"Huyu si wa buchari?" mmoja akauliza. "Yaani nikifumbua macho nimwone mtu aliyenipimia matumbo jana?"

"Wewe unaona matumbo," mwenzake akamjibu. "Angalia bibi harusi. Ni yule wa baa, na amethubutu kuvaa nyeupe."

Mwenyekiti akaniita kando. "Kijana wangu, kazi ni safi. Badilisha nyuso tu."

"Niweke za nani, mzee?"

Alijipapasa kidevu, akageuka kidogo, ubavu wake mzuri ukaelekea kwangu. Nyuma yake mweka hazina alikuwa amesuka nywele upya. Nikaona wazi kwamba nikimweka mmoja, kanisa litagawanyika vipande kumi na viwili, na kila kipande kitataka ukuta wake. Nikamwomba angoje Jumapili. Wenzangu nilikuwa nimewaalika, waione kwanza, halafu tuongee.

Hakungoja. Jumamosi alituma vijana wa kanisa na ndoo ya rangi nyeupe.

Jumapili niliingia na watu wangu, kifua mbele. Nguo zilikuwepo, mitungi ilikuwepo, hata kuku wa chini ya meza alikuwepo. Nyuso zilikuwa mayai meupe, moja baada ya nyingine. Hata Bwana hawakumbakisha, kwa sababu pua yake niliazima kwa mfinyanzi.

Mwimbaji alitazama mara moja tu, akatoka. Mwenye buchari alikuwa amevua viatu mlangoni kwa mazoea ya msikitini. Akasogea na soksi zake mpaka karibu na ukuta.

"Sasa hii hata kwetu ingepita," akasema.

Hakuna aliyecheka, na yeye pia hakucheka. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto, akaulinganisha na ule wa ukutani.

"Mikono wameniachia," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.

Baada ya ibada mwenyekiti alinishika bega akitabasamu. Embu walikuwa wameona picha kwenye simu, wakasema hiyo ndiyo michoro ya heshima. Wanataka vivyo hivyo, bila nyuso.

Nilienda. Nimepanga chumba Dallas, mtaa wa hapa Embu, peke yangu, na watu wa hapa wananiita msanii bila kucheka, jambo ambalo nilidhani lingenifurahisha zaidi. Mwimbaji hapokei simu yangu. Kile chumba cha Majengo sasa ni stoo ya mitumba. Kanisani bado naenda, naomba, macho nimeyafumba kabisa.

Ukutani nachora kondoo. Kondoo hafanani na mtu wa baa. Mchungaji wao nimemchora kwa mgongo, kofia kubwa kichwani, na mkono wa kushoto juu ya fimbo.

Wazee wa Embu walikuja kukagua wiki iliyopita. Waliwatazama kondoo, wakaridhika. Mmoja akasogea, akauliza hicho kidole kina nini, mbona kifupi.

Nikamwambia rangi bado haijakauka.