Irabu Moja ya Ziada

Jina la Bi Nukta hakuzaliwa nalo. Alipewa na wapanga chapa wa zamani, siku aliporudisha ukurasa mzima uliokwisha kupangwa kwa sababu ya nukta moja iliyokaa nje ya mabano badala ya ndani. Wao walilitoa kama tusi, yeye akalipokea kama cheo, na tangu hapo hajulikani kwa jina jingine. Hata wajukuu wanamwita Bibi Nukta wakidhani ni jina la ukoo.

Kazi yake ni kusahihisha miswada ya vitabu. Alianza akiwa msichana wa kupiga taipu katika shirika la uchapishaji, ikagundulika kwamba ana ugonjwa: hawezi kuliona kosa akalipita. Shirika likaupa ugonjwa huo mshahara. Alipostaafu aliendelea nao nyumbani, katika chumba kidogo kati ya jiko na chumba cha kulala, penye meza, kompyuta, feni isiyozunguka na kamusi mbili zisizokubaliana. Nje ya kazi hakupata nafuu. Kadi ya harusi ya mpwa wake aliirudisha kwa wenyewe ikiwa imejaa alama nyekundu, pamoja na pongezi. Bwana harusi alinuna, bibi harusi akachapisha upya. Kinyozi wa jirani amekwisha kubadilisha kibao chake mara mbili, na sasa humwamkia Bi Nukta akiwa anatazama chini.

Zaidi ya nukta, alikuwa na imani moja kuhusu irabu. Neno la kigeni likitaka kuingia katika Kiswahili, sharti lije na irabu mwishoni, kama mgeni anavyovua viatu mlangoni. Benki, risiti, tiketi, seti: hayo ni maneno yenye adabu. Neno linaloishia na konsonanti alilitazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga vifungo. Waandishi walibishana naye, wengine hadi kwa barua ndefu zenye makosa. Vitabu vyao vilitoka na irabu.

Basi kulikuwa na kitabu cha mwongozo kwa wahudumu wa zahanati. Kiwanda cha chapa kilikuwa na nakala ya kwanza, yenye makosa yake yote, kwa ajili ya kukadiria karatasi. Nakala iliyosahihishwa ilikuwa ndani ya kompyuta ya Bi Nukta na mahali pengine popote haikuwapo. Alipanga kuituma asubuhi, kwa kuwa mashine ingeanza kuchapa saa nne. Katika nakala ya kwanza, ukurasa wa upasuaji, mwandishi alikusudia kusema kwamba mgonjwa anayesubiri kupasuliwa asipewe chakula. Vidole vyake viliruka silabi moja, na kitabu kikasema apewe. Bi Nukta alikuwa ameirudisha silabi hiyo, pamoja na mambo mengine mengi. Kabla ya kulala kompyuta ilimwomba ruhusa ya kujisasisha. Akaitoa, maana iliomba kwa Kiswahili fasaha.

Asubuhi aliiwasha. Nembo ya mtengenezaji ilitokea, ikaondoka, na kioo kikawa cheusi. Juu pembeni kistari kidogo kilikuwa kikimeta na kuzimika, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha anaghairi.

Mumewe, dereva wa malori mstaafu, aliitwa. Aliinama akatega sikio.

"Injini inanguruma," alisema. "Mafuta yanafika. Ubovu uko mbele, kwenye taa."

"Sijakuuliza habari za lori, baba."

"Wala mimi sijajibu habari za lori. Zima, uwashe."

Wakazima, wakawasha. Kistari kikarudi mahali pake.

Ndipo akapigiwa simu shemeji, mdogo wa mume, fundi wa kompyuta katika chuo cha mji mwingine. Ndiye aliyeweka Linux katika mashine ile miaka ya nyuma, bure, akieleza kwamba haishikwi ovyo na virusi wala haidai leseni. Bi Nukta aliipokea kwa sharti kwamba nyumbani kwake itaitwa Linuksi.

"Shemeji, mashine yako imefumba macho," alisema, simu ikiwa mezani kwenye spika.

"Ikifumba ni yako, ikifumbua ndiyo yangu. Jana uliifanyia nini?"

"Iliomba kujisasisha, nikairuhusu."

"Aa. Basi ni dereva."

Mumewe alinyooka. "Dereva gani?"

"Wa kadi ya picha, kaka. Ni programu inayoiambia kadi ichore nini kwenye kioo. Jana kaletwa mpya, na naona hajapatana na gari."

"Na wa zamani?"

"Mfumo umemwondoa."

"Hata hakuachwa amwonyeshe mwenzake njia," alisema mzee, na tangu dakika hiyo alikuwa upande wa dereva wa zamani.

Shemeji alieleza kwamba mambo si mabaya. Mashine yenyewe ni nzima na kitabu kimo ndani salama, ila hakuna wa kukionyesha. Watailazimisha mashine iwake bila kumkabidhi yule mgeni kazi. "Picha itakuwa mbovu lakini utaona. Ukiona, unatuma kitabu. Dereva tutamshughulikia baadaye."

Hatua ya kwanza ilikuwa kubonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto nembo inapotokea. Ukiwahi, mashine inakupeleka kwenye mipangilio isiyokuhusu, ukichelewa, giza. Bi Nukta aliwahi, akachelewa, akawahi tena, na mumewe akasimama nyuma yake akisema "sasa" kila mara isipokuwa wakati wenyewe. Hatimaye orodha ikatokea. Shemeji alimwambia achague kwanza mfumo wa zamani, ule wa kabla ya kusasisha. Giza. Yule dereva mpya alikuwa amewekwa kote.

"Haya, rudi kwenye orodha. Bonyeza herufi e. Utaona maandishi mengi, usiyasahihishe. Tafuta mstari unaoanza na Linux, nenda hadi mwisho wake. Kuna nini pale?"

"Maneno mawili ya Kiingereza. Moja linasema kimya, la pili linasema kurusha maji."

"Ndiyo hayo. Acha nafasi, kisha andika nomodeseti."

"Neno moja?"

"Neno moja, herufi ndogo tupu. Ukimaliza, bonyeza F10."

Bi Nukta akaliandika. Lilikuwa neno geni, lakini lilionekana kuwa limelelewa vizuri. Akabonyeza. Mistari ikapita mbio, kioo kikawa cheusi, na kistari kikaendelea kughairi.

Wakarudia. Wakarudia tena, safari hii kwa kuchomoa waya wa umeme na kusubiri, ushauri wa mzee, ambao shemeji alisema hauna madhara.

"Una hakika umeandika nomodeseti?"

"Nimeandika nomodeseti."

"Herufi zote ziko sawa?"

"Shemeji," alisema Bi Nukta, "unamwuliza nani habari za herufi?"

Shemeji akaomba radhi. Katika ukoo ule kulikuwa na maswali ambayo mtu aliyelelewa hayaulizi, na hilo lilikuwa mojawapo.

"Basi itakuwa ni kadi yenyewe imekufa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi naweza kufika Jumamosi, si kabla."

Bi Nukta alirudi kwenye ule mstari, akaandika neno kwa mara nyingine, halafu mkono wake ukakataa kubonyeza. Alitoka uani na simu yake kumpigia mkuu wa mitambo wa kiwanda.

"Mama, nina foleni," alisema mkuu wa mitambo. "Ikifika saa nne naanza na nilichonacho. Ukileta kabla, nachapa chako."

"Ulichonacho kina kosa kwenye ukurasa wa upasuaji."

"Niambie ni huo tu, naubadilisha sasa hivi mwenyewe."

Hapo ndipo Bi Nukta alipotamani, kwa mara ya kwanza maishani, awe msahihishaji mvivu.

"Si huo tu. Kuna nukta."

"Mama, nukta haijawahi kumdhuru mtu."

"Hizi ni za vipimo vya dawa. Ziko kitabu kizima. Mahali pa nusu kijiko panasomeka vijiko vitano."

Upande wa pili mashine nyingine zilikuwa zikigonga. "Basi wahi," alisema yule mtu, na hakuwa na utani tena. "Mimi nimeajiriwa, mama. Siwezi kusimamisha."

Wakati huo mumewe alikuwa amevuka barabara kwenda kwa fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda pale mbele. Alirudi na habari ambazo yeye aliziona nzuri.

"Anasema ipelekwe. Ataifuta yote, ataiweka mpya, kesho tunachukua."

"Ataifuta na nini?"

"Na kila kitu. Ndiyo maana inakuwa mpya."

Bi Nukta alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jiko, simu mkononi, akitazama ukuta. Mzee alichukulia kimya kile kuwa ndiyo, kosa ambalo amekuwa akilirudia katika ndoa yao yote, akaingia chumbani kuchomoa nyaya. Lakini alikuwa mtu wa barabara ndefu, na mtu wa barabara ndefu hafungui kitu kabla hajakipiga picha kilivyokuwa. Alipiga picha nyuma ya kompyuta, akapiga ubavuni, akazunguka akapiga na mbele, kioo kikiwa na maandishi yake, ili isije ikasemwa kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Zote akamtumia mdogo wake, na swali: huu wa bluu unarudi wapi?

Simu yake ililia kabla hajaugusa huo wa bluu.

"Kaka, usichomoe. Mpe shemeji."

Mzee alimpelekea simu pale mlangoni.

"Shemeji," sauti ilisema, kwa uangalifu wa mtu anayevuka kwenye ubao mwembamba, "hiyo i ya mwishoni ni ya nini?"

"I gani?"

"Ya kwenye nomodeseti. Naiona kwenye picha. Umeandika i."

"Si wewe uliyesema i?"

"Mimi nimesema nomodeseti."

"Na hiyo uliyoimalizia hapo ni nini?"

Shemeji alilitamka tena neno lile, polepole, akaisikia i.

"Hiyo ni ya mdomoni tu," alikiri shemeji. "Kwenye kuandika haipo. Linaishia na t."

"Neno haliishii na t."

"Hili linaishia."

"Mbona mashine haikuniambia nimekosea?"

"Ikikuta neno isilolijua haiulizi, shemeji. Inalipita tu, inaendelea."

Wasomaji wa namna hiyo Bi Nukta alikuwa amekutana nao wengi. Hakutegemea kuwa na mmoja mezani kwake. Aliinuka, akarudi chumbani, akakaa mbele ya kioo, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufutia. Mumewe, ambaye amemwona akizika wazazi na kuozesha mabinti, anasema hajapata kumwona uso ule. Kisha irabu ikaondoka. Neno likabaki limesimama uchi mwishoni mwa mstari.

"Limeisha vibaya," alisema.

"Bonyeza F10," shemeji alisema.

Mistari ikapita. Kioo kikawa cheusi, na mzee akafumba macho. Kisha rangi zikaja, zimepauka, na herufi kubwa kama za kitabu cha darasa la kwanza, nusu ya kila kitu ikiwa imekatwa ukingoni. Lilikuwa jambo baya kulitazama, na Bi Nukta alilitazama kama mtu anayemwona ndugu akishuka kutoka chombo kilichosemekana kimezama. Jina la kitabu lilionekana kipande tu. Kilimtosha. Akakiambatisha, akakituma, akaukodolea macho ule mstari unaoonyesha kinavyotumwa ukijaa polepole, mpaka ukaisha.

Mkuu wa mitambo ndiye aliyepiga.

"Kimefika, mama."

"Nisomee ukurasa wa upasuaji, mstari wa pili."

"Mama, saa ndiyo hii."

"Soma."

Karatasi zilisikika. "Mgonjwa asipewe chakula."

"Na dawa ya mtoto, ukurasa unaofuata?"

"Sifuri nukta tano."

"Haya," alisema Bi Nukta. "Chapa."

Shemeji, aliyekuwa bado anasubiri kwenye simu ya kaka yake, alitoa onyo la mwisho. Neno lile ni la safari moja tu. Mashine ikizimwa italisahau, na itawaka tena na dereva mpya. Kwa hiyo isizimwe mpaka Jumamosi, atakapokuja kumrudisha wa zamani kazini.

"Mwambie dereva tunamngoja," alisema mzee.

Bi Nukta hakusikia. Alikuwa ameweka kichwa juu ya kamusi, ile kubwa, na usingizi ulikuwa umemchukua akiwa bado ameshika simu yake. Tangu alfajiri hakuwa amekula wala kunywa kitu. Mumewe aliichomoa simu mkononi mwake taratibu, akavuta kiti, akakaa kati ya mlango na kitufe cha kuzimia, mikono magotini, kama mlinzi wa benki.

Yule fundi wa kibandani alipita dirishani kuuliza kama mzigo unakuja.

"Imepona," mzee alinong'ona.

"Nani kaitengeneza?"

"Mke wangu. Kaandika neno vibaya, likakubali."