Kitufe Kimoja, Majina Matatu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na mama akatutoa Lindi, akatuleta Magomeni kwenye chumba cha dada yake. Shule niliiacha darasa la tatu. Sisemi ili nihurumiwe. Ninachokijua nimekijua kwa mikono na kwa kufokewa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Kariakoo, kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyeuza vifungo vya nguo. Maboksi yalijaa ukuta mzima na hakuna lililoandikwa jina. Kila kifuniko kilishonewa kifungo kimoja cha aina iliyomo ndani. Fundi cherehani mmoja akija anataka "lulu", mwingine anataka "maziwa", na wote wanataka kitu kilekile. "Usibishane nao majina," mzee aliniambia. "Waonyeshe kifuniko. Kilichoshonwa ndicho kilichomo." Siku moja nilitoa mzigo kwa kusikiliza jina tu. Aliniamuru niufuate kwa miguu hadi Magomeni nikaubadilishe. Sikurudia.

Sasa niseme la kompyuta.

Nilipopata duka langu mwenyewe la vifungo, nilikaa miaka mingi bila hayo mambo. Baadaye maboksi yakawa mengi kuliko kichwa changu, nikaleta fundi wa kompyuta, mtu mzima, msafi, anayeongea haraka. Akaweka programu ya kutunza orodha ya bidhaa na kutuachia kitabu cha maelekezo, cha Kiswahili, kurasa kumi na sita. Kazi ya kuingiza orodha nilimpa mwanamke niliyemwajiri, mjane wa Masasi mwenye watoto wawili. Siku sita aliinama pale, boksi baada ya boksi. Siku ya saba, mchana, orodha yote ikapotea.

Nilimsema mbele ya wateja. Nilimwambia achukue mkoba wake, kesho asije. Hakulia. Alisema tu, "Mama, nilifuata kitabu."

"Kitabu kilikwambia ufute duka langu?"

"Kilisema nibonyeze kitufe cha Kughairi. Nimetafuta, Mama. Hakipo."

Nikamwita fundi. Alikuja, akaangalia, akatikisa kichwa. Nikamuuliza orodha inarudi? Akasema hairudi, ianzwe upya. Halafu akanivuta pembeni, lakini sauti yake ilifika kila mahali. "Bi mkubwa, kitabu hakina tatizo. Tatizo ni mtumiaji. Hizi kazi zinataka mtu aliyesoma kidogo."

Yule mwanamke ana darasa la saba. Mimi nina la tatu. Nikamtazama fundi nikaona hajui ametukana nani.

"Weka orodha ya majaribio," nikamwambia. "Vitu kumi. Nakaa mimi. Nikifuata kitabu chako nikafika salama, huyu anaondoka leo hii. Nikishindwa, tutaongea mimi na wewe."

"Bi mkubwa, tusifike huko."

"Tumeshafika. Weka."

Nikavaa miwani, nikakaa. Mwanamke alisimama nyuma yangu na mkoba wake begani. Wateja wawili waliokuja kununua zipu wakaacha zipu. Nilisoma kwa kidole, herufi moja moja, sioni aibu. Ukurasa wa pili: kurudi nyuma bonyeza Esc. Nikakiona, kipo pembeni juu, kimeandikwa hivyohivyo. Nikabonyeza, ikarudi. Fundi akatabasamu. Nilisikia mkoba ukipandishwa vizuri begani nyuma yangu. Nilikuwa nashinda, na ushindi wangu ulikuwa unamfukuza mtu.

Ukurasa wa tano: bonyeza kitufe cha Kutoka. Nikatafuta kwenye kibodi mstari wa kwanza, wa pili, hadi wa chini. Hakipo. Nikaruka. Ukurasa wa tisa, maandishi yakatokea kwenye kioo: Ondoa orodha yote? Kitabu kikasema, kusitisha, bonyeza kitufe cha Kughairi. Nikatafuta tena. Swali linanikodolea macho, na kidole changu, bila kuambiwa na mtu, kilikuwa kinaelea juu ya kile kitufe kikubwa cha kulia, cha kukubali, nikibonyeze tu hilo swali liondoke.

"Hapo ndipo nilipofika, nikabonyeza hicho," mwanamke akasema.

Fundi akanyoosha mkono. "Si hiki hapa, Esc."

"Usiguse. Nionyeshe kwenye kitabu."

"Ndiyo hichohicho, Bi mkubwa. Esc, Kutoka, Kughairi, ni kimoja. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Hapa tuko wangapi?"

Mteja mmoja akacheka, "Mimi sijui, baba, nimefuata zipu."

Nikainuka, nikashusha boksi la juu, nikampa fundi mikononi. Nikamwonyesha kile kifungo kilichoshonwa kwenye kifuniko. "Mafundi cherehani wa mji huu wanakiita majina manne. Mimi dukani kwangu nina hiki tu. Wewe umemwandikia mwenzako vitufe vitatu, akatafuta vitatu. Chukua kalamu."

Tulikaa hadi alasiri. Yeye anasoma, mwanamke anaangalia kibodi, mimi nakata maneno kwa kalamu nyekundu. Kila palipokuwa na jina la kubuni, akaandika lililochapwa kwenye kitufe chenyewe, herufi kwa herufi, hata kama hatujui maana yake. Ukurasa wa kumi na mbili alibisha kwamba lake ni Kiswahili kizuri zaidi. Nikamwambia sikatai, akaliandike kwenye kitufe kwanza.

Mwanamke nilimwambia nilimkosea, mbele ya wateja walewale wawili, maana mbele za watu ndiko nilikomvunjia heshima. Akasema, "Yameisha, Mama," akatundika mkoba wake msumarini, akaanza na boksi la kwanza.

Leo hii nina duka moja la chini na stoo moja juu yake. Nyumba ya vyumba sita Magomeni, kisima uani. Cherehani mbili. Maboksi mia tisa na kumi na mbili, yote yameshonewa vifuniko. Kompyuta moja. Kitabu kimoja cha maelekezo, kurasa kumi na sita, kumi na moja zina kalamu nyekundu. Msumari mmoja ukutani wenye mkoba, lakini mkoba si wangu.