Mguu Wangu Juu ya Klachi

Sipendi mtu aseme kitu kimekufa kabla hajakifungua. Kwa hivyo kijana wangu wa kwanza aliponipigia simu kutoka kwake Kanduyi, akasema watu wa vyuma vikuukuu watakuja Jumatatu kuchukua gari ya marehemu baba yake, nilimwuliza kama ameifungua.

"Mama, gari haitembei. Banda linatakiwa kwa mahindi."

"Mahindi yangu au yako?"

Ana miaka hamsini na mbili, lakini nikimwuliza hivyo huwa mtoto tena. Akacheka. "Haya. Ikifika hapa kwangu kabla ya Jumatatu, kwa magurudumu yake, bila kuvutwa na kamba, sitaitaja tena. Isipofika, inaenda."

"Umesema."

"Nimesema, Mama."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Gari yenyewe ni nzee kuliko huyo kijana, rangi ya chai ya maziwa, pua mviringo. Tangu tumzike mzee wangu ilikuwa imekaa bandani huku shambani, nje kidogo ya Kitale, na kuku wangu wawili walikuwa wanataga kwa kiti cha nyuma. Sikuwafukuza, mayai nilikuwa nakula. Ukiiwasha ilinguruma vizuri. Ukitia gia na kuachilia klachi, ilizidi kunguruma, lakini kusonga haisongi.

Mita ya spidi nayo haikusoma, lakini hiyo ilikuwa shida ya miaka mingi. Zamani mzee akiendesha, mimi nilikuwa nakaa kando yake na kuchunga ule mshale. Ukifika hamsini nakohoa. Ukifika sitini nasema. Siku moja mshale ukalala, naye akaniambia, "Mita imekufa, mama watoto." Nikabaki kukisia spidi kwa miti inavyopita.

Klachi ndiyo iliyotukosanisha zaidi. Iliungua mara tatu, na mara zote tatu nilimlaumu yeye, moja mbele ya watu wa kanisa. Nilimwambia hajui kuendesha. Mimi nilijua. Shule niliachia darasa la tatu, lakini nimelima na trekta tangu nikiwa msichana, na leseni ninayo.

Jumatano fundi akaja. Ni mzee wa Kiislamu, anakaa karibu na msikiti pale mjini, na magari ya umri huo hakuna mwingine wa kuyashika. Akawasalimu kuku kwanza, akawahamisha, ndipo akaingia chini. Mimi nilikuwa nampa spana. Kufika adhuhuri gia boksi ilikuwa imelala juu ya magunia, na yeye ameshika sahani ya klachi, anaigeuza geuza juani. Ilikuwa nyeusi, imeng'aa kama sufuria iliyoungua.

"Mama, gari hii ilikuwa inaendeshwa na nani?"

"Mzee."

"Na nani mwingine?"

"Mimi, siku za soko. Na macho yake yalipoanza kusumbua, mimi kila siku."

"Ulijifunzia gari gani?"

"Trekta."

Akaiweka sahani chini polepole. "Ingia ukae kwa usukani. Kaa tu kama unaenda kanisani."

Nikakaa.

"Sasa angalia mguu wako wa kushoto uko wapi."

Nikaangalia. Ulikuwa juu ya pedali ya klachi, umejilaza pale kama kuku anayeatamia. Ukilima na trekta unageuka kila mwisho wa shamba, kwa hivyo mguu hauondoki hapo. Kumbe kwa gari, ule uzito kidogo tu unakula beringi na kuchoma sahani, kilomita baada ya kilomita.

"Mara tatu," nikasema.

"Na hii ya nne," akasema fundi.

Nikaenda kupika chai.

Alhamisi alibandua sahani ile, akaivisha ngozi mpya ya kushikia, akaipigilia kwa ribiti za shaba moja moja. Akatia beringi mpya, na Ijumaa asubuhi gari ikatoka bandani yenyewe. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Fundi akasema kwa vile tunasafiri, afungue na mita. Akajipenyeza chini ya dashibodi, akachokora huko na tochi.

"Mama, kuja uone."

Kebo ya mita haikuwa imekatika. Ilikuwa imefunguliwa nyuma ya mita kwa mkono wa mtu, ncha yake ikapakwa grisi, ikafungwa kwa kitambaa isiingie vumbi. Kitambaa nilikijua. Ni pindo la leso yangu ya manjano, niliyoitafuta mwaka mzima.

"Aliyefanya hivi hakutaka mita ife," fundi akasema. "Alitaka ipumzike."

"Alitaka yeye ndiye apumzike!"

Nikacheka nikashika mlango. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na fundi akageuka akajifanya anatafuta spana. Baadaye akairudisha kebo mahali pake.

Jumamosi tukaondoka, mimi kwa usukani, fundi kando. Tukapita Kiminini. Kamukuywa tuliteremka mpaka mtoni, na kupanda upande wa pili gia ya pili ikaingia bila kelele, gari ikavuta.

"Mguu, Mama."

"Uko chini!"

Tukapita Webuye, barabara ikanyooka, upepo unaingia dirishani, unanuka miwa. Nikasikia fundi anakohoa.

"Una homa?"

"Mama, sabini na tano."

"Sijakuuliza."

Kijana wangu alikuwa amesimama langoni na kikombe mkononi. Aliizunguka gari mara mbili, akainama kutafuta alama ya kamba. Hakuna. Akatoa simu, akawaambia wale watu wa vyuma wasije. Halafu akaangalia saa yake, akahesabu kwa vidole.

"Mama, si mmetoka Kitale saa tatu? Ulikuwa unaenda spidi ngapi?"

Fundi akatazama mawingu.

"Mita imekufa," nikasema.

Akaingiza kichwa dirishani kuangalia. Gari ilikuwa imesimama, na mshale umelala kwa sufuri.

"Si nimekwambia," nikasema. "Fungua lango."