Shikamoo kwa Msuluhishi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote, kwamba katika shule moja ya Malindi, hii ya milimani kwetu Lushoto, wanafunzi wasuluhishi waliheshimika mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akawa anawapa shikamoo kila asubuhi. Aliyenisimulia alikuwa dereva wa lori la kabichi. Sikumwuliza swali hata moja. Mimi niliyepata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimeshaota na nywele zimeanza kuniaga, ningeanzia wapi kumtilia shaka mtu mwenye lori?

Basi nilipopewa kazi ya kuwafundisha watoto wa darasa la sita kusuluhishana wenyewe kwa wenyewe, kanuni yangu ya kwanza ikawa hiyo: wenye ugomvi wamwamkie msuluhishi kwanza. Nikamchagua binti mmoja mpole, aliyehamia kwetu muhula huo, awe msuluhishi, nikamkalisha kwenye kiti changu, miguu ikining'inia. Nikajiona nimeshaleta amani milima yote hadi Mtae.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mabinti wawili waliokaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wakiwa wanapanda mlima na ndoo za maji ya shule, mmoja alimgonga mwenzake, ndoo ikamwagika, na aliyegonga akacheka. Aliyemwagiwa akaapa kuhamia kwa bibi yake Shume, asome huko. Mama yake alishakubali.

Nikawaita. Aliyemwagiwa akamtazama msuluhishi pale kitini, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, huyu jana tumeruka naye kamba. Leo nimpe shikamoo?"

Nikahubiri habari za heshima na za shule ile ya Malindi kwa muda ambao mtu angeshuka Lushoto mjini kwa miguu, akanywa chai, akarudi. Hakuamkia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikuja na vitabu vya shule amevifunga kwenye khanga, akavirudisha ofisini, akaniaga kwa adabu zote. Kanuni yangu ilikuwa inamfukuza mtoto.

Nikaenda kumtafuta msuluhishi wangu shule nzima. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa chini kwenye majani, na wale wawili wako naye, huyo wa kuhama akiwa na khanga tupu begani. Nikajibanza ukutani kama mwizi wa kuku. Aliyecheka alikuwa anaeleza kwamba alicheka kwa woga, alidhani amemvunja mwenzake mguu.

"Sasa si ungesema," mwenzake akamjibu. Halafu akauliza kama vitabu vikisharudishwa ofisini vinaweza kuchukuliwa tena.

Nikajitokeza na, kwa aibu yangu, swali lililonitoka lilikuwa kama wamemwamkia msuluhishi wao. Msuluhishi akasimama kwa heshima.

"Hapana, mwalimu. Mimi nimetoka hiyo shule ya Malindi. Mwalimu mkuu alikuwa anamwamkia mama mpishi, sisi wasuluhishi tumesimama karibu kwenye foleni ya uji. Msuluhishi haamkiwi. Anakaa chini na wenzake, anawasikiliza."