Tangu Pasaka Hajatoka

Tumwagile ndiye anayetunza seva ya ushirika wa wafugaji hapa Kilosa. Ni mashine moja tu, iko chumba cha nyuma chenye feni, lakini makarani wa Mikumi, Magole na Berega wote hufanyia kazi humo kwa mtandao, kila mmoja kwa akaunti yake. Ni mama mpole, ila ana haraka, na haraka ndiyo iliyomponza Alhamisi ile.

Asubuhi aliweka programu mpya ya vyeti vya chanjo ya ng'ombe. Aliifungua, ikafanya kazi, akaenda zake kunywa chai. Saa nane Filomena, karani wa Mikumi, akapiga simu.

"Dada, programu siioni! Na Telele yuko hapa, ng'ombe wake kumi na wanane wako kwenye lori. Mnunuzi wa Morogoro hawapokei bila cheti, na dereva kasema hapiti hifadhini giza likiingia."

Tumwagile akaona kosa lake papo hapo, na haya zikamshika. Alikuwa ameiweka kwenye akaunti yake peke yake. Ili aiweke upya kwa wote, kila mtu alipaswa kwanza kutoka kwenye seva. Walipoambiwa walitoka, isipokuwa Mzee Hezekia wa Magole. Jina lake halijatoka kwenye orodha ya waliomo tangu Pasaka, usiku na mchana. Kumtoa ni kubonyeza kitufe kimoja, lakini nani amtoe mtu wa umri wa baba yake bila hata kumwamkia? Ofisi nzima ilikuwa imemwachia tu.

Akampigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mzee, naomba utoke kidogo kwenye seva, nusu saa tu."

Tumwagile akasikia kiti kikivutwa.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "nikitoka sitaweza kurudi. Fundi aliniingiza akaondoka, pasiwedi siijui. Niliona aibu kuuliza. Na ninyi hamkuniuliza."

Maneno hayo yalimchoma. Miezi yote hiyo wao walijiona wana adabu, kumbe mzee wa watu alikuwa akikaa roho juu, asije akaonekana hafai kazi.

"Nisamehe, mzee. Nakutoa sasa, na simu sikati mpaka urudi."

Akamtoa, akaiweka programu kwa watumiaji wote. Filomena akachapa cheti, na saa kumi kasorobo lori la Telele likaondoka. Ndipo Tumwagile akampa mzee pasiwedi mpya, herufi moja moja. Akaingia.

"Haya mzee, tuagane."

"Subiri. Natoka tena."

Akatoka. Akarudi. Akatoka, akarudi, pumzi zake zikisikika kwenye simu, na Tumwagile akamngoja mpaka mara ya tano.

"Leo naizima kompyuta," mzee akasema. "Kesho nitaiwasha mwenyewe."